Gari Lenye Tabia

Huwezi kukaa na wapenda magari dakika kumi bila kuisikia hii: magari ya siku hizi hayana roho. Tajiri wa Ulaya mwenye Ferrari tatu kwenye banda lenye kiyoyozi huisema. Kijana ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki huisema pia, amekaa kwenye benchi ya gereji hapa Mwingi, anatazama video ya Ferrari F40 kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Wote wawili huisema kwa uchungu uleule, kama watu waliofiwa. Mimi si mtu wa kucheka msiba wa mwenzangu, hata kama marehemu ni injini. Ila nataka kujua ni nini hasa kilichokufa, na kama kilikuwa kitu cha kweli, nani alikiua.

Tuanze na maneno. Kwa Kiswahili tuna angalau matatu ya kuelezea jambo hili. Roho ndilo kubwa, na nitaliweka kando, kwa sababu ukishasema roho mjadala umehamia kanisani. Haiba ndilo la heshima: ule mvuto wa mtu ambaye akiingia chumbani watu wananyamaza. La tatu ni tabia, na hapo ndipo mambo yanapokolea. Dereva wa huku akikwambia "hii gari iko na tabia", hajaisifu. Anakuonya. Iko na tabia ya kuzima ukipanda mlima. Iko na tabia ya kukataa gia ya pili asubuhi mpaka ipate joto. Iko na tabia ya kunywa oili. Lugha yetu inajua jambo ambalo wapenda magari wengi hulisahau: kile tunachokiita haiba tukiwa mbali, tukikikaribia tunakiita usumbufu.

Sasa chukua magari mawili yanayotajwa sana katika ugomvi huu, yale magari ya kasi na bei ya kutisha ambayo vijana huyaita supakaa, kisha uyatazame yakifanya jambo dogo kabisa: kurudi nyuma.

La kwanza ni Lamborghini Countach. Ilichorwa na Marcello Gandini, ikaonyeshwa Geneva mwaka 1971, ikatengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kuanzia 1974 hadi 1990. Hata leo ukiiona utadhani imeshuka jana kutoka sayari nyingine: bapa, pembe kali, milango inayofunguka kwenda juu. Lakini dereva wake haoni nyuma. Injini imekaa mgongoni mwake na dirisha la nyuma ni mwanya tu. Kwa hiyo madereva wengi wa Countach walizoea kufungua mlango, kukalia kizingiti, kutoa mwili nusu nje na kugeuza shingo, mguu mmoja ukiwa bado kwenye klachi, wakirudisha gari kama mtu anayemwongoza punda mkaidi.

La pili ni Ferrari SF90 Stradale, iliyotolewa mwaka 2019 ikiwa na injini ya silinda nane, mota tatu za umeme na nguvu za farasi karibu 1,000. Giaboksi yake haina gia ya kurudi nyuma kabisa. Kazi hiyo wameachiwa mota za umeme, zinaifanya kimya kimya. Dereva anachagua kwa kidole, gari linarudi.

Katikati ya hayo mawili weka F40 ya mwaka 1987, ile ambayo yule kijana wa benchi anaitazama. Ndiyo gari la mwisho ambalo Enzo Ferrari mwenyewe aliliidhinisha kabla hajafa mwaka 1988. Haina redio. Haina zulia. Haina pawa stelingi. Ukitaka kutoka unavuta waya mlangoni. Nguvu zake ni farasi 478, chini ya nusu ya zile za SF90. Turbo zake huchelewa kidogo, kisha zinakuja zote pamoja, na dereva asiyejiandaa anajikuta anaangalia alikotoka.

Kwa chochote kinachoweza kupimwa kwa saa au kwa mizani, gari jipya limeshinda. Lina kasi zaidi, breki bora zaidi, na halihitaji dereva mwenye shingo ya twiga. Hata hivyo waulize watu mia moja gani lina haiba, na wengi watakuonyesha lile linaloendeshwa na mtu aliyening'inia mlangoni. Sidhani ni ujinga. Gari la zamani lilitoka kiwandani likiwa na pengo, na pengo hilo lilijazwa na mtu. Bila wewe kulijua, halikwenda. Hiyo ndiyo maelezo ya kwanza ya haiba, na nadhani ni ya kweli kwa sehemu.

Ushahidi wake uko Lamborghini kwenyewe. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitoa Countach mpya, LPI 800-4, magari 112 tu, ikiwa na mistari iliyoazimwa kutoka kwa ile ya zamani. Gandini, mzee wa miaka themanini na zaidi wakati huo, alitoa taarifa kwamba hakushiriki na hakuibariki kazi hiyo, na kwamba yeye siku zote alijenga jina lake kwa kutorudia alichokwisha kufanya. Kumbe umbo unaweza kulinakili, ukalipaka rangi, ukaliuza likaisha, na kile ulichokuwa unakitafuta kisiwemo ndani.

Kufikia hapa yule kijana wa benchi angepiga makofi. Lakini asipige bado.

Mtu anayesifu tabia ya gari la zamani, mara nyingi ana gari lingine nyumbani. Nairobi kuna Concours d'Elegance, mashindano yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu mwaka 1970, yaliyozoeleka kufanyika Ngong Racecourse. Magari ya kale hung'arishwa mpaka uvunguni, majaji wanachungulia boneti. Ni siku nzuri, na sina ugomvi nayo. Ila Jumatatu asubuhi, ni wangapi kati ya wale wenye magari huenda kazini nayo? Gari likikataa kuwaka Jumapili na una lingine la kukupeleka, hiyo ni haiba. Likikataa kuwaka saa nane usiku na mke wako ana uchungu wa kuzaa, Kyuso, hapo utatafuta neno lingine.

Na kwa Mkenya wa kawaida umri wa gari haujawahi kuwa suala la ladha. Sheria yetu inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Tunapata yale ambayo Japani imeyachoka, tunayatumia mpaka yazeekee mikononi mwetu. Gari la zamani barabarani Mwingi ni lile lililobaki baada ya ada ya shule kulipwa. Hakuna abiria wa kwenda Tseikuru, amebanwa katikati ya gunia la ndengu na mbuzi, ambaye amewahi kunisimulia haiba ya gari lililombeba.

Hapa kwetu, lakini, swali hili halikubaki kuwa la watazamaji. Magari makali ya dunia yaliletwa yakapimwa kwenye udongo wetu, mbele ya macho ya watu wasio na tikiti. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Porsche 911, gari ambalo kila mwenye mapenzi ya magari anaapa kwalo, lilikuja mara kwa mara kutafuta ushindi wa Safari na halikuupata. Mwaka 1974 lilikuwa la pili, mikononi mwa Björn Waldegård, nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh. Mwaka 1978 likawa la pili tena, safari hii na Vic Preston Jr, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Peugeot 504 nyingine ilikuwa imeshinda mwaka 1975. Ile 504, gari la mwalimu mkuu, gari la daktari, gari la kubeba abiria wa mbali!

Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alikuwa fundi kabla hajawa dereva mashuhuri. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo wengine walikuwa wameliona limezeeka. Halikuwa gari la ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba mtu aliyelishika usukani alikuwa anajua kila nati iliyomo, na likipiga kelele alijua ni nani anayelia. Basi kama haiba ni lile pengo ambalo mtu hulijaza, Safari ya zamani inatuonyesha kwamba pengo hilo halikuwa mali ya supakaa pekee. Saluni ya kawaida ilikuwa nalo. Kilichohesabika ni kama lingeweza kujulikana na mtu aliyekuwa nalo.

Na halikujazwa na dereva peke yake. Angalia picha na filamu za Safari ya miaka hiyo na utaona jambo moja likijirudia: gari limezama kwenye tope mpaka milango, na wanakijiji wamelizunguka wanasukuma. Wazee wenye makoti, watoto wa shule pekupeku, wanawake. Gari linachomoka, linawamwagia matope wote, wanashangilia. Kwa sekunde hizo chache mikono yao ilikuwa sehemu ya mashine.

Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, Naivasha. Kuanzia 2022 hadi 2024 magari ya daraja la juu kabisa yalikuwa na mota ya umeme pamoja na injini. Betri na mota ile vilikaa ndani ya sanduku lililofungwa na kampuni iliyolitengeneza, na mafundi wa timu zenyewe hawakuruhusiwa kulifungua. Gari lilikuwa na taa za kuonyesha hali ya umeme: ikiwa ya kijani, unaweza kuligusa. Ikiwa nyekundu, kaa mbali. Sababu yake ni ya haki kabisa, umeme wa mamia ya volti si mchezo. Lakini fikiria safari tuliyotembea, kutoka kwa gari ambalo kijiji kizima kililisukuma hadi kwa gari ambalo unasubiri taa ikuruhusu kulisogelea. Mota hizo zimeondolewa kuanzia msimu wa 2025. Hata mabingwa walichoka.

Wenye kutamani ya kale nao wana Safari yao, East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003 kwa magari ya enzi zile. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård, mzee wa miaka 68, na mwanawe akimsomea njia. Alikuwa ameshinda Safari ile kubwa mara nne, kila mara kwa gari lisilo Porsche. Na sasa alikuwa ndani ya 911, aina ileile iliyomkatalia mwaka 1974. Nikisoma habari hiyo nasikia kitu kifuani, siwezi kukana. Miaka 37 mtu na aina moja ya gari, mpaka wakaelewana.

Lakini kabla machozi hayajatoka tukumbuke bili. Haiba ya zamani ilikuwa na bili, na haikulipwa na dereva peke yake. Safari ya zamani ilikimbiwa kwenye barabara zilizokuwa wazi, zenye ng'ombe, baiskeli na watoto wanaotoka shule. Na kwenye barabara za kila siku hali ilikuwa mbaya zaidi. Mikanda kwenye matatu na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa vililazimishwa na kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Kabla ya hapo abiria wa kiti cha nyuma alishikilia kiti cha mbele na jina la Mungu. Mtu akiniambia magari ya zamani "yalikufanya uhisi barabara", huwa nakumbuka kwamba kuna watu waliihisi barabara kwa paji la uso. Breki zinazozuia magurudumu kujifunga, mifuko ya hewa, bodi inayokunjika ili wewe usikunjike: hivyo vyote ni upendo uliofanywa chuma. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Hapa kipya ni kinyemi, na kidonda kimepungua.

Kwa hiyo ningeweza kumalizia hapa. Haiba ni anasa ya mwenye gari la pili, usalama ni haki ya wote, mjadala umekwisha, twende nyumbani. Kinachonizuia ni mjomba wangu.

Mjomba ni fundi hapa Mwingi, gereji ya mabati na mwarobaini mmoja, karibu na barabara kuu ya Thika kwenda Garissa. Ana Peugeot 504 ya mizigo, na hana gari la pili. Hajawahi kukanyaga Ngong Racecourse. Ikizima, yeye ndiye anayelala njiani. Yaani ni mtu ambaye hoja yangu inasema hawezi kuipenda tabia ya gari lake. Na anaipenda. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila kuacha kazi: "Hii haijawahi kuniacha porini bila kuniambia."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Kwake tabia si mngurumo wala umbo. Tabia ni kutoa habari. Koili ikianza kuchoka, gari linakohoa likipata moto, wiki mbili kabla halijakataa. Beringi ya gurudumu ikiisha, usukani unatetemeka, kisha inalia, kisha ndiyo inakufa. Harufu ya petroli ni habari. Rangi ya moshi ni habari. Na habari hizo zinaambatana na uwezo wa kufanya jambo: tangi likitoboka kwa jiwe njia ya Nguni, unaziba kwa sabuni ya mche na kufika nyumbani. Karabureta ikiingia uchafu unaifungua kwa bisibisi moja, unaipuliza kwa mdomo, unatema, unaondoka. Huko mtandao wa simu hukata, na gari la kuvuta ni hadithi. Kwa mtu asiye na gari la pili, tabia inayojulikana ndiyo bima yenyewe. Mtu unayejua tabia yake, hata kama ni mbaya, unaweza kuishi naye.

Mwaka jana aliletewa gari la kisasa, kubwa, zuri, la mtu aliyekuwa akitoka Garissa kwenda Nairobi na familia. Taa ya injini ilikuwa imewaka na gari likajifunga mwendo, lisitake kuzidi kilomita 40 kwa saa. Mjomba alisikiliza injini: safi. Oili safi, hewa safi, waya zote mahali pake. Binamu yangu, kijana wa umri wangu, alichomeka skana ndogo aliyoinunua Nairobi. Ikatoa namba ya kosa: sensa moja. Sensa ya kununua ilipatikana kwa simu, ingekuja na basi la jioni. Kumbe haitoshi. Hata ikifungwa, gari haliitambui mpaka ipokelewe kwa mashine ya kampuni yenyewe, na mashine hiyo iko Nairobi. Mjomba alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono mapajani, kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kumwona amekaa. Kisha akasema: "Hii si mbovu. Imekatazwa."

Hilo neno ndilo limenifanya niandike insha hii.

Kabla karo haijaniishia nilikuwa nikisomea uhandisi wa mitambo chuoni. Huko tulifundishwa kwamba kifaa bora ni kile ambacho mtumiaji hahitaji kukifikiria. Nakubali nusu. Sitaki kufikiria breki zangu ninapozikanyaga. Lakini kutohitaji kufikiria ni kitu kimoja, na kutoruhusiwa ni kingine. Magari ya kisasa yametuletea zawadi mbili ndani ya kifurushi kimoja, na tumezoea kuziona kama kitu kimoja. Zawadi ya kwanza ni usalama na urahisi. Ya pili ni kufuli. Breki bora hazihitaji sensa iliyokatazwa kuzungumza na fundi wa Mwingi. Mfuko wa hewa haungekataa kufunguka kwa sababu mjomba alipewa maelezo ya kusoma kompyuta ya gari. Waliozifunga pamoja walifanya hivyo kwa sababu kufuli lina faida, na faida hiyo haikuwekwa kwa ajili ya abiria.

Ukishaliona kufuli hili kwenye gari, unaanza kuliona kila mahali. Simu ya kulipia kidogo kidogo hujifunga usipotuma pesa ya leo, hata kama betri imejaa na kioo ni kipya. Ni nzima, imekatazwa. Kuna pikipiki za mkopo zinazofungwa kifaa cha kufuatilia, na aliyekukopesha anajua ulipo. Ukipanda juu hadi kwa matajiri ni mchezo uleule: mwaka 2022 BMW ilianza kutoza ada ya kila mwezi katika baadhi ya nchi kwa ajili ya kupasha viti joto, wakati vipasha joto vyenyewe vilikuwa tayari vimo ndani ya kiti ulichokwisha kukinunua. Watu walipiga kelele, ikaacha mwaka uliofuata. Mwenye BMW mpya huko na mwenye boda ya mkopo huku hawajuani, lakini wanakalia kitu kimoja: kiti ambacho tabia yake inaamuliwa na mtu mwingine, aliye mbali.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wa "hayana roho". Magari mapya yana tabia, tena nyingi. SF90 hufanya maamuzi kila mara ambayo dereva wa F40 angeyafanya kwa jasho. Linajua utelezi, linajua joto la breki, linajua wewe ni dereva wa aina gani. Tabia haikufa. Ilihamishwa kutoka mahali ambapo mtu mwenye masikio na bisibisi angeweza kuijua, ikapelekwa mahali pa kufungwa kwa ufunguo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kila kizazi cha mafundi hulia hivi. Waliozoea farasi walilia juu ya karabureta, waliozoea karabureta wanalia juu ya kompyuta, na vijana watajifunza. Jibu hilo lina uzito. Wako vijana wa Subaru hapa Kenya wanaofungua programu ya injini kwa laptopu, wanaibadilisha, wanaijua kama mjomba anavyojua 504. Kwao gari la mwaka 2008 lina haiba kuliko chochote kilichowahi kutoka Ufaransa. Binamu yangu ni mmoja wao. Na hilo linanisaidia mimi, halinipingi. Pale kompyuta ilipokuwa inaweza kufunguliwa, tabia ilirudi palepale, ikapata wapenzi wapya, na hakuna aliyeulizia karabureta. Mstari hauko kati ya zamani na sasa, wala kati ya chuma na programu. Uko kati ya kitu unachoweza kukiuliza swali na kitu ambacho kinaweza tu kukuamuru.

Liko jambo moja la mwisho, na ndilo linalonihuzunisha zaidi kwa upande wa yale magari mazuri. Tunasema magari ya zamani yana haiba kana kwamba yalizaliwa nayo. Lakini Countach ya mwaka 1974 imefika kwetu kwa sababu watu waliruhusiwa kuifikisha. Fundi fulani alichonga bushi isiyopatikana tena. Mwingine aliunda upya karabureta. 504 ya mjomba ina mlango wa 504 nyingine, springi za gari lisilo na jina na kiti kilichoshonwa na fundi wa viatu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vikaundwa tena, na tena. Kuzeeka kwenyewe ni kazi, inafanywa na mikono mingi, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita haiba ni alama za mikono hiyo.

Je, SF90 itazeeka? Simaanishi itapitwa na wakati, hilo litakuja haraka. Namaanisha: mwaka 2060, betri zake zikiwa zimekufa zamani, kompyuta zake zikidai ruhusa kutoka kwa mashine ambayo hakuna anayeitengeneza tena, kutakuwa na fundi yeyote, Maranello au Mwingi, anayeruhusiwa kuiwasha? Kama hayupo, basi wajukuu wetu hawatabishana kama magari ya zama zetu yalikuwa na haiba. Watayakuta yamesimama, mazuri, mazima, yenye rangi inayong'aa, yakisubiri ruhusa.